Mama wa Kakakuona

Kwanza tuseme ukweli kuhusu yule kakakuona, maana kuna watu wazima wanaojifanya hawamjui. Alianza na filamu moja tu ya katuni: mnyama mdogo mwenye magamba, mwoga kupindukia, anayejiviringa kama mpira kila akitishwa. Watoto wakampenda. Waliomchora wakanusa faida, na tangu hapo hawajamwacha mnyama wa watu apumzike. Wamemzamisha baharini, wamempeleka mwezini, wamemfundisha kuimba, na sasa wamefika filamu ya kumi na moja, na uso wake uko kwenye mabegi ya shule na miswaki. Nyingi kati ya filamu hizo ni takataka. Ile ya tatu, anayovuka milima kumtafuta mama yake, ndiyo pekee iliyokuwa na moyo.

Fundi meno aliijua filamu ya tatu kama anavyoijua njia ya kwenda kazini. Yeye si daktari. Hukaa chumba cha nyuma cha kliniki, mikono imejaa plasta na nta ya rangi ya fizi, akitengeneza meno ya bandia kwa watu ambao hata sura zao hazijui. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeachana na mume na asiye na haraka ya kumtafuta mwingine. Alikuwa na binti mmoja wa miaka sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Kibiriti kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuwaka. Chumba cha uani kilikuwa cha baba yake mzazi, babu wa Kibiriti.

Baba yake ndiye yule aliyeitwa Sauti Saba. Enzi za mikanda ya video, kabla kila mtu hajatembea na sinema mfukoni, mzee huyo alikuwa na ukumbi wa mabenchi, televisheni mbili juu ya meza, na kipaza sauti. Filamu zilikuja kwa lugha za watu. Yeye alizima sauti za wenyewe, akaketi kando kwenye kiti chake cha chuma, akasema kila kitu kwa Kiswahili: shujaa, adui, bibi, mtoto, mbwa, mpaka mvua. Lugha za filamu alizielewa nusu. Nusu iliyobaki aliitunga, na watu walisema hiyo aliyotunga ndiyo tamu. Alitia chumvi bila haya. Majambazi wa ng'ambo walikimbilia nyuma ya bucha ya mtaani, na askari wakawafuata huku wakilalamikia bei ya mkate. Watu walivunjika mbavu.

Binti yake alikulia benchi la mbele la ukumbi ule. Mama hakuwepo. Mama alikufa, aliambiwa akiwa na miaka mitano, akazikwa kwao, mbali. Ndugu wa upande wa mama hawakukanyaga tena nyumbani, na alipouliza aliambiwa wamenuna kwa mambo ya wakubwa. Mtoto wa miaka mitano akipewa jibu kama hilo atafanya nini? Alilichukua akakua nalo.

Lakini alikuwa na filamu ya tatu. Mwishoni, kakakuona anamkuta mama yake kando ya ziwa, na Sauti Saba, kwa sauti laini kuliko zote alizokuwa nazo, alieleza kwamba huyo ni roho tu, amekuja kumuaga mwanawe kabla hajapanda juu. Kakakuona akapanda mtumbwi, akapunga mkono. Mama naye akapunga. "Watoto," kipaza sauti kikasema, "mpungieni marehemu aende kwa amani." Ukumbi mzima ukapunga. Mtoto wa benchi la mbele alipunga mikono yote miwili, maana wenzake walikuwa wakimuaga mama wa kakakuona, na yeye alikuwa akimuaga wake. Hakuwahi kupata mazishi mengine. Miaka yote hii, akimkumbuka baba yake siku ile na kipaza sauti mdomoni, alimpenda mpaka machozi yakamlengalenga.

Kwa hiyo Jumamosi ile, televisheni ilipotangaza kwamba filamu ya tatu imerudi, imesafishwa picha na kutiwa sauti mpya za Kiswahili na waigizaji waliosomea kazi hiyo, fundi meno aliacha nguo kwenye beseni na mikono ikiwa na povu.

"Kibiriti, njoo! Njoo uone filamu ya mama."

"Ya zamani?"

"Ya zamani, ndiyo. Kaa hapa, na ukiongea nitakufinya."

Walitazama. Mama mtu ndiye aliyeongea. Alitangulia kila neno, akamweleza mtoto nani atateleza na nani atamezwa, na ikawa yeye ndiye wa kufinywa. Sauti mpya zilikuwa safi, lakini hazikuwa na pilipili ya Sauti Saba, na aliposema hivyo mara ya nne Kibiriti alimwomba anyamaze. Wakafika ziwani. Fundi meno akamvuta mtoto mapajani.

"Hapa usiogope. Anakuja roho ya mama yake. Amekufa, lakini ni mzuri."

Mama wa kakakuona akatoka nyuma ya jiwe, akafungua mdomo. "Sikufa, mwanangu," akasema, "wala sikupotea. Niliondoka. Kule kulinishinda."

Kakakuona akamuuliza kama atarudi nyumbani. "Sitarudi," mama yake akajibu. "Lakini ujue kwamba nipo."

Kibiriti akageuka. "Mama, umenidanganya. Amesema hajafa."

"Mimi nilidanganywa na babu yako," fundi meno akasema, na kicheko kikampanda. Maana sasa alikuwa akiyaona aliyoyatazama utoto wake wote bila kuyaona. Yule marehemu alikuwa akitafuna mchwa. Nyuma yake palikuwa na shimo lake la kulala, limetandikwa majani. Roho gani inatafuna mchwa? Ukumbi mzima wa watoto, na hakuna hata mmoja aliyeuliza! Sauti Saba akikwambia mtu amekufa, amekufa, hata akiwa anakula.

Akaenda uani kumtania. Mzee alikuwa ameketi juani, redio ndogo sikioni, soksi zake mbili zikikauka kwenye mkono wa kiti. Miaka ilimkondesha, lakini sauti ilibaki nzima.

"Baba, leo umeumbuka."

"Nani kaniumbua?"

"Kakakuona. Tumeisikia ile ya tatu kwa Kiswahili cha wenyewe. Kumbe yule mama hakufa! Kaondoka zake, ana kwake, anakula. Wewe ukatutoa machozi ukumbi mzima."

Mzee hakucheka. "Waliotia sauti wamekosea."

"Hawajakosea, baba. Tena picha yenyewe inaonyesha. Ulimuua mama wa watu kwa nini?"

Alimuuliza huku akicheka, akitegemea lile jibu la kuchekesha ambalo mzee hakulikosa kamwe. Mzee alizima redio, akailaza mapajani.

"Wewe ulikuwa umekaa pale mbele," akasema. "Ulikuwa umeshajua mama yako amekufa. Ningekuletea vipi mama mwingine aliyeondoka tu, yuko hai? Ungeanza kufikiri."

"Ningefikiri nini? Wa kakakuona kaondoka, wangu kafa. Ni vitu vi..." Hakulimaliza neno. Alimwangalia baba yake, na baba yake aliangalia redio.

"Baba. Mama yangu alikufa?"

Kuna watu wakibanwa hupiga kelele, na kuna wanaochoka. Mzee alichoka pale pale kwenye kiti.

"Alikuwepo," akasema.

"Wapi?"

"Ukumbini. Siku ile ya kwanza kuionyesha. Benchi la mwisho, karibu na mlango."

Akaeleza, na alieleza kwa sauti moja tu, bila kuipamba. Alikuwa akimpiga mke wake. "Usiniulize kwa nini, hakuna kwa nini. Nilikuwa nampiga." Siku moja mwanamke alikimbia na nguo alizovaa. Mtoto akawa anasimama mlangoni kila jioni na kukataa kula, mpaka baba yake akamwambia mama amekufa. Mtoto akalia kwa muda, kisha akala. "Nikaona imekuwa heri," mzee akasema.

Miezi michache baadaye filamu ya tatu ililetwa. Aliitazama peke yake kwanza, kama kawaida yake, akaelewa mama wa kakakuona anasema nini, na alikusudia kuitafsiri kama ilivyo. Mtoto angeuliza, yeye angetunga jibu. Filamu ikiwa imefika ziwani, mlango wa ukumbi ukafunguliwa, mwanga ukapiga kwenye televisheni, na watoto wakapiga kelele za kulalamika. Aliyeingia alikuwa amejitanda khanga mpaka puani, ana mfuko wa nguo mkononi. Akaketi nyuma. Mzee alimtambua kwa namna alivyoketi.

"Alikuja kukuchukua," akasema. "Nikajua."

"Ukafanyaje?"

"Nilikuwa na kipaza sauti mkononi."

Pale pale akamgeuza mama wa kakakuona kuwa marehemu. Alisema maneno yote ya roho na ya kuagana, na aliyasema akitazama benchi la mwisho. Kisha akamchukua fisi. Fisi wa filamu ile huwanyemelea kwenye majani ya ziwani bila kusema kitu. Siku ile Sauti Saba alimpa maneno. Alisema, kwa ile sauti ya kukwaruza ambayo watoto waliipenda kuliko zote: "Namwona aliyekaa karibu na mlango. Namwona na mfuko wake. Akimgusa mtoto, hafiki barabarani. Shoka liko chini ya kiti."

"Mlicheka," mzee akasema. "Mkapiga miguu sakafuni. Mkageuka nyuma kumtafuta ni nani, na wewe ukageuka. Ulimtazama usoni. Hukumjua. Halafu ndipo nikawaambia mpunge."

"Shoka lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Na yeye?"

"Alikaa mpaka ulipomaliza kupunga. Akatoka."

Alitaka kumpiga. Tuseme hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa: alitaka kumpiga mzee wa miaka sabini kwenye kiti chake, na aliuona mkono wake mwenyewe umeshainuka, na hilo lilimtisha kuliko yote aliyoyasikia. Akaushusha. Alikichukia kile kicheko chake cha utotoni, alikichukia mpaka meno yakamuuma, na yeye ni mtu anayejua meno.

"Yuko hai?"

"Mwaka jana alikuwa hai. Anashona sare za shule, mji wa mwisho wa reli, karibu na kiwanda cha magunia. Nilikuwa naulizia."

"Ulikuwa unaulizia," akarudia.

Siku ya pili alimwacha Kibiriti kwa jirani. Haijawahi kutokea amwache kwa jirani wakati babu yupo, na mtoto aliwaka kama ilivyo desturi yake, akataka kujua babu amefanya nini. Fundi meno alipanda treni ya asubuhi, akakaa dirishani, na njia nzima alijipangia maneno. Angesema, "Mama, ni mimi." Akaona ni fupi mno. Angeanza na shoka, aeleze kwamba hakujua, kwamba mtoto wa miaka mitano hupungia chochote anachoambiwa apungie. Akaona ni refu. Mwisho aliamua hatasema kitu, atasimama tu, na mama atajua, na watalia mpaka basi. Mtu aliye peke yake kwenye treni hujipa mengi, na alijipa mpaka mikono ya mama yake mgongoni.

Nyumba ilikuwa rahisi kupata. Kila mtu pale kiwandani aliijua. Barazani palikuwa na cherehani, na ukutani zimetundikwa sketi za buluu na mashati meupe, ndogo kwa kubwa. Msichana wa miaka ishirini na kitu alikuwa akipiga pasi. Ndani kidogo, mlangoni penye mwanga, mwanamke mzee alikuwa akifumua mshono kwa wembe.

"Karibu, dada," msichana akasema. "Sare?"

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba," mwanamke akajibu kabla hajainua uso. Kisha akauinua, na wembe ukasimama.

Alimjua. Hapakuwa na shaka hata chembe. Alimtazama kama mtu anavyotazama maji yanayoingia ndani ya nyumba, na fundi meno alisubiri ainuke.

"Usimwogope mama, ndivyo anavyotazama wateja," msichana akacheka, akimsogezea kiti. "Yeye ndiye fundi mwenyewe, mimi ni mikono yake tu." Akataja jina lake. Lilikuwa jina la fundi meno. Si la kufanana nalo; ni lile lile, pamoja na lile dogo la kubembelezea ambalo hakulisikia tangu utotoni. "Watu wanasema ni jina la kizamani. Si langu hata. Ni la dada yangu. Mtoto wa kwanza wa mama, alikufa na miaka mitano, mama alimzika kabla hajaja huku. Basi mimi nilipozaliwa nikapewa. Tunamwombea kila mwaka, mimi na kaka zangu. Mama hapendi tumtaje kwa wageni, ona, ameshakasirika."

Mwanamke hakuwa amekasirika. Alikuwa akitikisa kichwa, kidogo mno, hivi kwamba aliyekuwa akipiga pasi asingeona. Hapana, kichwa kilisema. Hapana, hapana.

Fundi meno alielewa. Alikuwa na sentensi moja mdomoni, na sentensi hiyo ilitosha kumfufua yeye na kumwangusha yule aliyeketi. Msichana na kaka zake wangejua mama yao aliacha mtoto hai. Wangejua walikuwa wakiombea mtu anayekula na kulala. Alikuwa na haki ya kuisema, hilo halina ubishi, na alikuwa amesafiri kwa ajili yake. Aliitazama mikono ya mama yake. Wembe ulikuwa umeshamkata kidole bila mwenyewe kujua.

"Na wewe, dada, unaitwa nani?" msichana akauliza.

Akataja jina la kwanza lililomjia, la mwanamke anayepokea wagonjwa kule kliniki.

Mama yake alishusha pumzi. Alikifunga kidole kwa kipande cha kitambaa cheupe, akavuta chaki.

"Mtoto wa kike?" akauliza. "Sare ni ya mtoto wa kike?"

"Wa kike. Ana miaka sita."

"Kimo?"

Fundi meno alionyesha kiunoni kwake.

"Mwembamba?"

"Mwembamba, lakini ana nguvu. Hasimami mahali pamoja."

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

"Na usiku? Analala?"

Msichana alicheka, akaweka pasi chini. "Mama, sare na usingizi wapi na wapi? Leo una nini?"

"Mtoto asiyelala huota kwa kurusha miguu, anachana pindo," mwanamke akasema, na hakuna fundi nguo duniani aliyewahi kusema upuuzi wa namna hiyo. "Analala?"

"Analala, mama. Analala fofofo."

"Amefanana na nani?"

"Wanasema amefanana na bibi yake."

Mwanamke aliinamia kitambaa cha buluu, akapiga mstari wa chaki, akaufuta kwa kiganja, akaupiga tena. Msichana aliingia ndani kuchukua vifungo. Hapo walibaki wawili, kwa muda wa mtu kufungua droo na kuifunga, na fundi meno aliegemea mbele. Mama yake hakuinua uso. Aliendelea kuufuta ule mstari.

"Nitaishona mwenyewe," mwanamke akasema, msichana aliporudi. "Nitamwekea pindo kubwa, aivae mpaka akue."

"Ahsante, mama. Jumamosi ijayo nitakuja kuichukua."

"Usije."

Lilitoka haraka, na msichana akageuka. Mwanamke akajikaza kisabuni, akalainisha uso kwa ajili ya binti yake. "Safari ni ndefu," akasema. "Kwa nini ujisumbue? Tutaituma kwa treni. Na mwakani ukitaka nyingine, tuma vipimo, nitaituma. Niandikie hapa pa kuipeleka."

Akamsukumia kipande cha karatasi na kalamu. Fundi meno aliandika mtaa na namba ya nyumba yake. Juu yake akaandika jina la yule mpokezi wa wagonjwa, kwa herufi kubwa, ili mzigo usije ukapotea.